Maji ya mto Nura na haki ya asiyeweza kudai

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Dar es Salaam na unapita Daraja la Salenda asubuhi maji yakiwa yamekupwa, bila shaka umewahi kuwaona. Ni ndege wadogo wa rangi ya udongo, miguu myembamba kama njiti, wanakimbiakimbia juu ya tope huku wakidonoa. Watu wa pwani huwaita vitwitwi, na ndani ya jina hilo wamo ndege wa aina nyingi. Kuanzia mwezi wa Septemba huwa wengi. Ikifika Aprili wanapungua, na baada ya hapo tope linabaki karibu tupu. Tangu lilipofunguliwa Daraja la Tanzanite mwaka 2022 wapitaji wamepata mahali pengine pa kuwatazama, ingawa sijui ni wangapi wanaotazama. Tuna haraka, na foleni haimpi mtu nafasi ya kufikiri juu ya ndege.

Niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, tukiwa katika mada ya mwanadamu na ukhalifa wake katika ardhi, kwamba ndege hawa huenda wapi. Wengi wakajibu kwa mkato: "Ulaya, ustadhi." Jibu hilo lina ukweli, lakini si wote. Wako ambao njia yao inapita Bara Arabu, inavuka kandokando ya bahari ya Kaspi na kuingia katika nyika za Asia ya Kati, kabla hawajafika Siberia wanakotaga. Katika nyika hizo, ndani ya nchi ya Kazakhstan ambayo wengi wa wakazi wake ni Waislamu, yapo maziwa ambayo mamilioni ya ndege hutua kupumzika na kula. Nikawaeleza habari za maziwa hayo na za mto unaoyalisha, na jinsi mji mkuu wa nchi ile unavyozidi kukua na kuhitaji maji.

Hapo kijana mmoja, hodari wa hoja na asiyependa kuridhishwa upesi, akanyoosha mkono. "Ustadhi, kumhurumia ndege ni jambo jema, sikatai. Lakini ni haki yake, au ni wema wetu tu? Maana kama ni wema, mji wenye watu milioni ukitaka maji, wema unasubiri. Na kama ni haki, anamdai nani?"

Kengele ikalia. Nakiri kwamba siku ile kengele iliniokoa. Makala haya ndiyo jibu langu, limechelewa kwa wiki kadhaa.

Kwanza tuyajue maziwa yenyewe, maana si vizuri kujadili haki katika jambo usilolijua. Katikati ya Kazakhstan kuna nyika kubwa ya majani, kavu, isiyo na miti, ambayo wataalamu huiita stepi. Kiangazi ni joto kali na majira ya baridi kila kitu kinaganda. Kiasi cha kilometa 130 kusini magharibi mwa mji mkuu, Astana, ipo wilaya ya Korgalzhyn. Huko mto Nura, wenye urefu wa karibu kilometa 1,000, unaishia katika mtandao wa maziwa ya maji baridi yaliyojaa matete, kisha maji yanayobaki yanaingia katika ziwa moja kubwa la chumvi liitwalo Tengiz. Neno hilo kwa lugha za Kituruki maana yake ni bahari, na mtu akiliona hawezi kushangaa: ukubwa wake ni karibu sawa na kisiwa chetu cha Unguja. Lakini kina chake ni kifupi na halina mlango wa kutokea. Kila kinacholetwa na mto, kiwe kizuri au kibaya, kinabaki humo.

Kwa hesabu zilizowasilishwa UNESCO, maziwa haya ya Korgalzhyn na Tengiz yanaweza kulisha hadi ndege milioni 15 au 16, na laki tatu na nusu hivi za ndege wa majini hutaga hapo hapo. Wapo mabata wa kila namna, mabata bukini kwa makundi ya kutisha, mwari, korongo, na wapo heroe, wale ambao mtaani tumezoea kuwaita flamingo. Kundi la heroe wa Tengiz ndilo linalotaga kaskazini zaidi kuliko mengine yote duniani. (Tusichanganye: hawa ni wale wakubwa, walio wengi katika ziwa letu la Natron ni aina ndogo, nao hawana safari ya Kazakhstan.) Mwaka 2008 maziwa haya, pamoja na yale ya Naurzum yaliyoko magharibi zaidi, yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, jumla ya hekta 450,344, yakiwa ya kwanza ya urithi wa asili kwa nchi ya Kazakhstan. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1976 wakati wa utawala wa Kisovieti, Tengiz na Korgalzhyn yalikwisha kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kulinda ardhi oevu ambao sisi Tanzania nasi tulijiunga nao mwaka 2000. Wapo wanaodhani mambo haya yote yametungwa na Wazungu. Ramsar ni mji wa Iran, na mkataba ulitiwa saini hapo mwaka 1971.

Sasa tuje kwenye mto. Nura, kabla ya kufika kwa ndege, unapita karibu na Temirtau, mji wa viwanda. Kilikuwepo hapo kiwanda cha kemikali kilichotumia zebaki, na kwa miongo kadhaa, tangu mwaka 1950 hadi kilipofungwa mwaka 1997, zebaki hiyo ilimwagwa ikaingia mtoni. Ikatulia katika matope ya chini na kingoni. Maji ya Nura yakawa maji ambayo mtu mwenye akili hakutaka kuyanywa. Mwaka 2003 ulikubaliwa mradi wa kuusafisha mto kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Udongo wenye sumu ukachimbwa na kufukiwa mahali palipoandaliwa, na bwawa la Intumak likakarabatiwa. Kazi nzuri, hapana shaka. Lakini soma lengo la mradi ule: ilikuwa ni pamoja na kupata maji salama kwa mahitaji ya watu yanayoongezeka. Kwa maneno mengine, mto ulipokuwa mchafu hakuna aliyeutamani sana, na ndege walikuwa nao. Uliposafishwa, ukapata wachumba.

Na wachumba wenyewe si watu wa kubezwa. Mwaka 1997 serikali ya Kazakhstan ilihama kutoka Almaty na kuja kuweka makao yake katika mji wa nyikani uliokuwa na watu laki tatu hivi. Mji huo umebadilishwa jina mara kadhaa, ukawa Astana, ukawa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi kuwa Astana mwaka 2022, na sasa una watu zaidi ya milioni moja. Watu hao wanapika, wanafua, wanatawadha. Nani atasimama aseme wasipewe maji kwa sababu kuna bata?

Mimi sisemi hivyo, na wala dini haisemi hivyo. Lakini kabla ya kufika huko, tulijibu swali la kijana: haki au wema?

Nilipokuwa mdogo nilikuwa fundi wa manati. Tulikuwa tunatoka chuo baada ya alasiri, tunaingia kwenye miembe, na shomoro waliodondoka hatukuwala wala kuwafanya chochote. Tulihesabu tu nani amepata wengi. Siku moja maalimu wetu alitukuta. Hakutuchapa, jambo ambalo lilitushangaza. Alituuliza tu: huyu mtamjibu nini? Sikuielewa kauli ile mpaka nilipokuja kuisoma Hadithi iliyopokewa na Nasai, ambayo inaeleza kuwa shomoro aliyeuawa bure atakuja Siku ya Kiyama kumshitaki aliyemuua bila ya faida yoyote. Wanazuoni wana maneno juu ya sanadi yake, na ni haki niliseme hilo. Lakini ipo nyingine katika Sahihi Muslim isiyo na mzozo, kwamba siku hiyo hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe aliyempiga. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu (S.W) anatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi, na kwamba nao watakusanywa kwa Mola wao.

Angalia jambo hilo kwa makini. Mtu hashitaki kwa kukosa wema. Ukiomba sadaka ukanyimwa, huna kesi. Anayeshitaki ni yule aliyedhulumiwa, na dhulma haipo mpaka kwanza iwepo haki. Ikiwa mnyama amewekewa siku ya kudai, basi anacho cha kudai. Wanazuoni wetu wa zamani walilifahamu hili vizuri kuliko sisi. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, katika kitabu chake cha Qawaid alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu moja baada ya moja, na miongoni mwake ni kwamba mwenye mnyama amhudumie hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Zingatia hayo maneno ya mwisho. Faida ikiondoka, haki inabaki. Basi haki haikujengwa juu ya faida.

Kijana wangu angeweza kunirudi hapa, na najua angefanya hivyo: "Lakini ustadhi, si tunawachinja na kuwala? Haki gani hiyo ya anayeliwa?"

Swali hili ni zito kuliko lile la kwanza. Ni kweli, bata wa Korgalzhyn ni halali, na mwindaji anayemtaja Mwenyezi Mungu na kwenda kumla na watoto wake hakutenda kosa. Kwa hiyo haki ya ndege haiwezi kuwa haki ya kila mmoja wao kutoguswa. Ni haki ya nini basi? Mimi nilipata mwanga kutoka mahali ambapo sikutegemea, katika Hadithi ya mbwa iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ambapo Mtume (S.A.W) anaeleza kuwa lau si mbwa kuwa ni umma miongoni mwa umma, angeamrisha wauawe. Maana yake ni nini? Mbwa mmoja mkali anaweza kuuawa kwa sababu. Lakini umma wa mbwa hauondolewi, kwa sababu tu ni umma. Hata kwa kiumbe ambaye sisi huku tunamkimbia na kumrushia mawe, kule kuwa umma kulitosha kuwa ngao.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ndege mmoja anayeliwa na umma unaoondolewa ni mambo mawili, si jambo moja kwa ukubwa tofauti. Mwindaji anachukua ndege, na ziwa linazaa wengine. Anayekausha ziwa hakuchukua ndege hata mmoja. Mikono yake misafi kabisa, anaweza kuapa. Lakini mwaka unaofuata wakirudi hawana pa kutua, na safari ya ndege wa aina hii haina mchezo: anafika akiwa ametumia karibu mafuta yote ya mwili wake, na asipokula hapo hawezi kufika mbele wala kurudi nyuma.

Na kama mtu atasema kwamba asiyeua kwa mkono hana hatia, tumkumbushe yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Kisa hiki kila mtoto wa madrasa anakijua, kimo katika Bukhari na Muslim, lakini huwa tunakisoma kama kisa cha ukatili. Hakumpiga paka yule. Hakumnyonga. Alimfungia, akawa hampi chakula, na hakumwachia aende kujitafutia mwenyewe. Kosa lake lilikuwa ni kusimama kati ya kiumbe na riziki yake. Sasa jiulize: bwawa lililofungwa mwezi wa Aprili, wakati theluji inapoyeyuka na maji yalitakiwa yashuke maziwani, linafanya nini tofauti na mlango ule?

Hili si jambo la kudhania. Kazakhstan yenyewe ina Bahari ya Aral. Mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, ikageuzwa kwenda kumwagilia pamba, na kufikia mwaka 1987 ziwa lilikuwa limekatika vipande viwili, meli zimelala juu ya mchanga, wavuvi wamehama na upepo unarusha chumvi yenye dawa za mashamba mpaka vifuani mwa watoto. Hakuna aliyekusudia kuua samaki wala ndege wala watoto. Walikusudia pamba. Mwaka 2005 lilikamilika boma la Kokaral upande wa kaskazini, maji yakapanda katika sehemu ile ndogo, na samaki na wavuvi wakarudi. Sehemu kubwa ya kusini haikurudi.

Sasa turudi kwa watu wa Astana na maji yao. Katika fiqhi kuna kitu kinaitwa haki ya shafa, yaani haki ya kunywa. Majalla ya Dola ya Uthmaniyya iliiandika kama sheria, na ndani yake kunywa ni kwa mwanadamu na mnyama kwa pamoja. Kumwagilia mashamba ni mlango mwingine. Kwa hiyo swali la "mtu au ndege" mara nyingi limeulizwa vibaya. Kikombe cha mtu hakigombani na ziwa. Kinachogombana na ziwa ni mashamba makubwa, viwanda, na yale mapambo ambayo kila mji mkuu hujipamba nayo ili wageni wausifu. Imam Shatibi alitufundisha kuyagawa maslahi katika daraja: yapo ya lazima, yapo ya kuondoa tabu, na yapo ya kupendezesha. Maji ya kunywa ya mtoto wa Astana ni ya daraja ya kwanza, na yakigongana na maji ya bata, bata atasubiri. Sitaki kuficha hapo. Lakini uhai wa umma mzima wa ndege haujapata kuwekwa chini ya daraja ya tatu isipokuwa na mtu aliyejipa ukhalifa akasahau ni khalifa wa nani.

Ugumu uko katikati, katika daraja ya pili. Mkulima wa ngano anayetaka mavuno bora. Kiwanda kinachoajiri watu elfu. Hapa sina kanuni ya kumaliza kesi, na namshuku anayedai anayo. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenye haki lazima ahesabiwe kabla ya kukatwa, na ndege huwa hahesabiwi kabisa. Mezani wanakaa wizara, manispaa na wawekezaji, kila mmoja na karatasi yake ya mahitaji. Kinachobaki mwisho ndicho kinachopelekwa ziwani. Huo si mgawo. Thamud waliambiwa kwamba maji yana zamu, siku ya ngamia na siku yao, na wao hawakuanza kwa kumuua ngamia. Walianza kwa kuona zamu yake ni hasara.

Lipo jambo jingine ambalo wapenzi wa hifadhi hawapendi kulisikia. Kulinda nako kunaweza kuwa dhulma. Wakazakh walikuwa wafugaji wa kuhamahama, wakifuata majani na maji kwa majira kama ndege wenyewe. Utawala wa Stalin ukawalazimisha kutulia na kuwanyang'anya mifugo, na katika njaa ya miaka ya 1930 hadi 1933 walikufa takriban watu milioni moja na nusu, wengi wao Wakazakh. Kisha mwaka 1954 Khrushchev akaanzisha kampeni ya ardhi mpya, na zaidi ya hekta milioni 20 za nyika ya Kazakhstan zikalimwa kwa ajili ya ngano. Halafu mwaka 1968 utawala huo huo ukaweka hifadhi ya Korgalzhyn na kuwaambia wenyeji wasiingie. Mtu aliyenyang'anywa njia yake na mababu zake wakafa kwa njaa, leo umwambie alinde njia ya bata, ana haki ya kukutazama usoni kwanza.

Umar bin Khattab (R.A) alikutana na jambo hili. Alipotenga malisho ya hima kwa ajili ya wanyama wa dola, alimweka mlinzi aitwaye Hunayy, na maagizo aliyompa yamo katika Sahihi Bukhari. Alimtaka awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, maana hao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurejea, ila masikini mifugo yake ikifa atamjia Umar na watoto wake. Hawa ni Masahaba wakubwa, waliobashiriwa pepo! Lakini Umar aliona kwamba uzio wowote ukiachwa wenyewe huwazuia wanyonge na kuwapitisha wakubwa.

Na huko nyikani imethibitika kwamba mfugaji si adui. Kuna ndege mmoja wa miguu mirefu, ukubwa wa njiwa hivi, ambaye hutaga katika nyika ya Korgalzhyn na yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Huyu anataka majani mafupi, yaliyolishwa na ng'ombe, kondoo na farasi. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991 mifugo ilipungua sana, majani yakarefuka, na ndege wakajikusanya karibu na vijiji vilivyobaki na mifugo. Kweli kondoo hukanyaga mayai mengine. Lakini bila kondoo hakuna pa kutaga.

Watafiti waliwafunga baadhi ya ndege hao vifaa vidogo vya satelaiti ili wajue wanakwenda wapi, na Oktoba 2007 kundi la zaidi ya ndege 3,000 lilipatikana Ceylanpınar, kusini mwa Uturuki. Kutoka hapo wanashuka Syria na Iraq, wanapita Saudi Arabia, na wako wanaofika Sudan. Wengine huelekea Pakistan na India. Isome tena ramani hiyo. Katika njia hii ya magharibi nyingi ni nchi za Waislamu. Na tatizo kubwa lililotajwa njiani ni uwindaji katika Syria na Iraq. Anayelindwa kwa jitihada katika kiota chake Korgalzhyn anapigwa risasi na Muslim mwenzake yule mlinzi, maili elfu kadhaa mbele, na mwindaji yule anaona amepata ndege wawili watatu tu. Kwa hesabu yake ni kweli. Kila nchi katika njia hiyo inaweza kusema sehemu yangu ni ndogo, na zote zikawa zimesema kweli, na umma ukaisha.

Hapo naona jibu la "anamdai nani" linakuja lenyewe, na si jibu la raha. Anatudai sote kwa mafungu. Deni la kugawana ndilo deni jepesi kulikana.

Najua liko lalamiko moja ambalo msomaji amelishika tangu mwanzo. Waislamu wanauawa Gaza, Sudan kunawaka moto, nawe ustadhi unatuandikia habari za mabata! Siwezi kuliita lalamiko la kipuuzi. Nimejiuliza hivyo hivyo nikiwa na kalamu mkononi. Nitajibu kwa kisa tu. Al-Waqidi ameeleza katika Maghazi kwamba Mtume (S.A.W) alipokuwa anakwenda kuifungua Makka mwaka wa 8 Hijria, akiwa na jeshi la watu 10,000, njiani alimwona mbwa jike amelala na watoto wake wakinyonya. Akamweka Sahaba mmoja asimame karibu nao mpaka jeshi lote lipite, ili asiwasumbue mtu. Hiyo ilikuwa siku kubwa kuliko siku zetu nyingi, na nafasi ya mtu mmoja wa kusimama ilipatikana.

Jumatatu iliyopita nilimrudia yule kijana na haya yote, kwa ufupi. Alisikiliza, akaniuliza kama ndege wa Salenda ndio hao hao wa Tengiz. Nikamwambia baadhi ya aina ndiyo, lakini huyu mmoja unayemwona hapa sina namna ya kujua amepita wapi. Akafikiri kidogo, akasema basi hata yule anayeshika lango la bwawa kule naye hajui maji yake yanamlisha ndege wa nani.

Sikuwa na la kuongeza. Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi. Vitwitwi walikuwa bado wapo darajani, wamenona, na kule Korgalzhyn barafu ilikuwa haijavunjika.